Volti Zilizopotea Njiani

Injini ya dizeli haina plagi wala haihitaji cheche. Mafuta yake huwaka kwa sababu hewa iliyomo ndani ya silinda imebanwa kwa ghafla mpaka ikawa ya moto kupita kiasi ambacho dizeli inaweza kukistahimili. Rudolf Diesel alilionyesha hilo huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na lori linalopanda mlima Kitonga leo na shehena yake linakwenda kwa kanuni ileile. Sasa, ikiwa moto wa injini hii hautokani na umeme, kwa nini lori lililotembea vizuri jana ligome asubuhi kwa ajili ya boliti moja yenye kutu?

Swali hili linafaa lijibiwe polepole, maana majibu ya haraka ndiyo yanayowamaliza watu fedha. Lori limegoma, zinanunuliwa betri mbili mpya. Limegoma tena, stata inashushwa. Ikirudishwa na lori likagoma mara ya tatu, mzigo umeshachelewa, dereva na utingo wamelala njiani siku mbili, na kosa liko palepale lilipokuwa. Inaniuma kuona fedha ya mtu inakwenda hivyo, kwa sababu hitilafu ya aina hii haihitaji kubahatisha. Inahitaji mita ya bei ndogo na mtu anayejua ni nini hasa anachokipima.

Tuanze na hewa. Katika injini ya lori pistoni huibana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja ya 17 ya ujazo wake wa mwanzo. Kazi iliyofanywa na pistoni haipotei, inageuka joto. Hewa iliyoingia na nyuzi 17 za Selsiasi hufika nyuzi 500 hivi, mradi imebanwa upesi. Hilo neno upesi ndilo lenye uzito. Kuta za silinda ni chuma, na chuma cha asubuhi hunyonya joto. Ringi za pistoni nazo huvujisha hewa kidogo. Pistoni ikipanda kwa kasi, joto na hewa havipati muda wa kutoroka. Ikijikongoja, hewa inafika juu ikiwa imepungua na imepoa, na joto lake kwa hesabu linaweza kuishia nyuzi 300 na kitu. Dizeli ikinyunyiziwa humo haiwaki sawasawa. Inatoka kwenye ekzosi ikiwa ukungu mweupe wenye harufu kali.

Kwa hiyo injini ya dizeli haiombi umeme uiwashie moto. Inaomba izungushwe kwa kasi ya kutosha, ambayo kwa injini nyingi kubwa ni mizunguko 100 na ushei kwa dakika. Chini ya hapo inazunguka bure. Asubuhi ya baridi kule Makambako au Timboroa hali inazidi kuwa ngumu: hewa inayoingia ni baridi, tena nyepesi kwa sababu ya mwinuko, oili ni nzito, na betri yenyewe imezubaa kwa sababu kemia yake huenda polepole kwenye baridi.

Gari dogo likikataa stata watu hulisukuma. Lori kubwa halisukumiki. Breki zake za maegesho hufungwa na springi na kufunguliwa na upepo, na upepo uliovuja usiku kucha hauwezi kujazwa na injini iliyozimika. Kilichobaki ni stata.

Stata ya lori ni mota ya kilowati 4, 5, au zaidi. Nguvu ya umeme ni volti mara ampea, kwa hiyo nguvu hiyohiyo unaweza kuipata kwa volti kidogo na mkondo mkubwa, au kwa volti nyingi na mkondo mdogo. Malori mengi yamechagua njia ya pili: betri mbili za volti 12 zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine zitoe volti 24. Mkondo unapungua nusu, na joto linalopotea kwenye waya uleule linashuka hadi robo, kwa kuwa joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo. Hata hivyo mkondo unaobaki ni mkubwa mno. Wakati injini inazungushwa, waya mnene wa stata unapitisha ampea 400 na zaidi, ambapo taa ya kabini inatumia chini ya ampea moja.

Ukiielewa tofauti hiyo ya mikondo, karibu kila kitu kingine kitajieleza chenyewe.

Georg Simon Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827. Volti zinazopotea kwenye kipande chochote cha njia ya umeme ni sawa na mkondo unaopita hapo, ukizidishwa kwa ukinzani wa kipande hicho. Chukua kiungo kichafu chenye ukinzani wa omu 0.011, ambao ni mdogo kiasi kwamba mita ya kawaida ya fundi haiwezi kuutambua. Pitisha ampea 5 za taa: zinapotea volti 0.055, na taa inang'aa kama kawaida. Pitisha ampea 420 za stata kwenye kiungo hichohicho: zinapotea volti 4.6. Kiungo ni kilekile na uchafu ni uleule. Kilichobadilika ni mkondo peke yake.

Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba volti iliyopimwa pasipo mkondo kupita haikuambii lolote kuhusu njia. Mpira wa maji uliokunjika unafanya vivyo hivyo: ukifunga bomba la mwisho, presha ya mwisho wa mpira ni sawa na ya kwenye tangi, kana kwamba hakuna mkunjo. Ni pale unapofungua maji yatoke ndipo mkunjo unajitangaza. Mtu anayepima lori lililozimwa, akaona volti 25 kwenye stata na kusema umeme unafika, amepima mpira uliofungwa.

Kanuni ya pili ilitolewa mwaka 1845 na Gustav Kirchhoff, akiwa bado mwanafunzi. Ukiufuata umeme kutoka betri, ukazunguka njia yote hadi kurudi betri ulikoanzia, volti zilizotolewa na volti zilizotumika lazima zilingane. Hakuna hata moja inayoyeyuka bila mahali pa kuonekana. Kwa fundi hii ni zawadi kubwa: kama betri inatoa volti 21 na stata inapokea 15.5, basi zile 5.5 zipo mahali fulani katikati, na mita itazionyesha ukiiweka mahali hapo.

Sasa betri. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Gaston Planté mwaka 1859, na kila chumba chake kikijaa hutoa volti 2.1 hivi. Vyumba sita vinatoa volti 12.6. Ikishuka hadi 12.2 imebaki nusu, na ikifika 12.0 imebaki robo au pungufu. Vipimo hivi vinafaa betri iliyopumzika saa kadhaa, siyo iliyotoka kuchajiwa sasa hivi.

Katika lori lenye betri mbili pana mtego ambao lazima nikae nao kidogo. Mtu anataka redio au chaja ya simu ya volti 12, basi anavuta waya kutoka betri moja tu. Inaonekana ni jambo dogo. Lakini alteneta inachaji jozi nzima kwa volti 28 hivi, nayo haijui kwamba betri moja inanyonywa peke yake. Hiyo inayonyonywa inabaki na njaa, labda kwa volti 13.2, na mwenzake analazimika kubeba 14.8 zilizosalia, anachemka na kukausha maji yake. Miezi ikipita zote mbili zinakufa, moja kwa njaa na nyingine kwa kuvimbiwa. Ukizipima kwa pamoja unaweza kukuta 24.4, ukagawa kwa mbili, ukasema kila moja ina 12.2, nusu imejaa, siyo mbaya. Kumbe moja ina 12.7 na nyingine 11.7, ambayo ni tupu. Pima kila betri peke yake, kila mara. Na redio iwekewe kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 kinachokula betri zote mbili kwa usawa.

Kabla ya kupima chochote kwa ufunguo, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe mawe. Vua pete na saa ya chuma. Spana inayogusa kichwa cha betri na bodi kwa pamoja inaweza kuyeyuka mkononi, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Halafu zuia injini isiwake wakati unapima: katika malori mengi ya zamani unachomoa waya wa solenoidi ya kuzimia mafuta au kuvuta kamba ya kuzimia. Stata ipigwe kwa sekunde 10 au 15, kisha ipumzike dakika moja au mbili, maana haina feni wala maji ya kuipoza.

Geuza ufunguo usikilize.

Kama ni kimya kabisa, usiguse stata wala betri kwanza. Mkondo mkubwa haujaitwa. Stata inaitwa na njia nyembamba: kutoka swichi ya ufunguo, kupitia fyuzi, pengine swichi inayohakikisha gia iko huru, hadi kwenye rilei, kisha waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi iliyo mgongoni mwa stata. Mtu mmoja ashike ufunguo, mwingine apime waya ule mwembamba. Hapa mita ya kidijitali inaweza kukudanganya, kwa sababu yenyewe inavuta mkondo mdogo mno. Waya uliooza ukabakiwa na unyuzi mmoja wa shaba utaionyesha volti 24 kamili. Binafsi naiamini zaidi taa ya kupimia yenye balbu ya wati 21, ambayo kwa volti 24 inavuta karibu ampea moja. Waya mbovu hauwezi kuibeba, na balbu inafifia mbele ya macho yako. Ila taa hiyo usiiweke kwenye nyaya za kompyuta ya injini, utaiunguza.

Kama unasikia tak-tak-tak-tak ya haraka, betri ni dhaifu au kiungo kimelegea, na sababu ya mlio huo inapendeza kuijua. Solenoidi ina koili mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kushikilia. Koili zinavuta, kontakti zinafunga, stata inadai mamia ya ampea, volti zinaporomoka, koili ya kushikilia inaishiwa nguvu, inaachia. Mara tu inapoachia, mzigo umeondoka, volti zinapanda, inavuta tena. Kila tak moja ni mzunguko mzima wa kuporomoka na kupona.

Mlio mmoja mzito halafu kimya maana yake solenoidi imevuta na kushikilia, lakini mota haizunguki. Weka waya mmoja wa mita kwenye boliti kubwa inayoleta umeme wa betri na mwingine kwenye boliti inayoupeleka ndani ya mota, kisha geuza ufunguo. Mita ikisoma volti nyingi hapo, kontakti za ndani zimeungua, na hiyo ni kazi ya shaba mpya kidogo, siyo ya stata mpya. Ikisoma karibu sifuri, angalia njia ya betri na ya ethi, yaani ya kurudi, kwanza. Zikiwa salama, mota yenyewe au injini imekamata.

Injini ikizunguka kwa kasi nzuri bila kuwaka, mkondo mkubwa hauna kosa. Tazama ekzosi. Kukiwa na ukungu mweupe, mafuta yanafika na joto ndilo halitoshi. Pasipo ukungu wowote, huenda mafuta yamefungwa: solenoidi ya pampu haipati umeme, au kwenye lori la kisasa kompyuta ya injini haijaruhusu kunyunyiza. Kompyuta hiyo inataka kujua krenki iko wapi, inataka presha ya mafuta, na inataka volti zisiporomoke. Taa za dashibodi zikizimika kabisa wakati stata inapiga, inawezekana kompyuta nayo inajizima na kuanza upya kila unapogeuza ufunguo.

Linabaki lile tatizo la kila siku: stata inazunguka kwa uvivu. Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia betri. Tufuate lori moja la mfano lililolala Makambako likielekea Tunduma. Betri zote mbili zimepumzika na kila moja ina 12.6, jumla 25.2. Ufunguo unageuzwa, injini inajikongoja kwa mizunguko 90 kwa dakika, haiwaki. Wakati inajikongoja, volti kwenye vichwa vya betri ni 21.0. Zile 4.2 zilizoshuka zimebaki ndani ya betri zenyewe, kwa kuwa nazo zina ukinzani. Kwa mkondo wa ampea 420, huo ni omu 0.010 kwa jozi, na kushuka kwa namna hiyo ni kawaida. Zingeshuka chini ya 18 hivi, ningezishuku.

Sasa pima stata yenyewe: waya mmoja kwenye boliti yake kubwa, mwingine kwenye bodi yake. Mita inasoma 15.5. Zimepotea 5.5 njiani, na Kirchhoff anasema zitafutwe.

Njia ina pande mbili, na upande wa kurudi husahauliwa. Weka waya mwekundu wa mita kwenye kichwa cha betri cha chanya, risasi yenyewe na siyo kibano kilichoishika, na mweusi kwenye boliti ya stata. Piga stata. Mita haionyeshi volti za betri sasa, inaonyesha zilizopotea kati ya pointi hizo mbili: 0.6. Hiyo inavumilika kwa lori la volti 24. Hamia upande wa hasi: kutoka bodi ya stata hadi kichwa cha betri cha hasi. Mita inasoma 4.9. Sifuri pointi sita na nne pointi tisa ni 5.5. Hesabu imefunga.

Kinachobaki ni kuigawa ile njia ya kurudi. Kichwa cha betri hadi kibano chake na chasisi, 0.1. Chasisi hadi bloku ya injini, 4.7. Bloku hadi bodi ya stata, 0.1. Injini hukaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Kinachoiunganisha na chasisi ni mkanda mmoja wa shaba iliyosukwa, umefungwa chini kwa boliti, mahali panaporushiwa matope na maji, na kwa malori yanayopakia bandarini Dar es Salaam au Mombasa, hewa yenye chumvi pia. Shaba imegeuka kijani. Hapo ndipo karibu kilowati 2 zilikuwa zinageuka joto kila stata ilipopigwa, na ukisogeza mkono karibu baada ya kupiga utalisikia. Usiushike kwa pupa.

Mkanda unafunguliwa, nyaya za betri zikiwa zimeondolewa kwanza kuanzia hasi. Pande zote mbili zinasuguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, rangi iliyo chini ya boliti inaondolewa, boliti inakazwa, na grisi inapakwa juu ili kuzuia maji. Mkanda uliokatika nyuzi nusu unabadilishwa. Kisha unapima tena, jambo ambalo wengi huliruka. Betri: 21.0, karibu vilevile. Chasisi hadi bloku: 0.1. Stata: 20.1.

Mbona volti za betri hazikubadilika? Kwa sababu mkondo wa stata huamuliwa na uzito wa kazi ya kuizungusha injini, na injini ni ileile. Volti huamua kitu kingine, yaani kasi. Mota inayozunguka huwa ni jenereta pia: inazalisha volti za kinyume zinazopingana na zile za betri, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo zinavyokua. Mota hii ina omu 0.015 ndani yake, hivyo kwa ampea 420 inakula volti 6.3 kwa ukinzani wake tu, na zinazobaki ndizo za kuleta kasi. Mwanzoni zilibaki 9.2. Sasa zinabaki 13.8, yaani mara moja na nusu. Mizunguko 90 imekuwa 135, na kwa kasi hiyo hewa haina muda wa kupoa njiani.

Rudisha waya wa solenoidi ya mafuta na uwashe. Lakini kabla lori halijaondoka, mtu aingie chini aangalie kamba ya akselereta, viungo vya gia, na mipira ya mafuta yenye nyuzi za chuma. Mkanda wa ethi ulipokuwa mbovu, sehemu ya zile ampea mia nne ilikuwa ikitafuta njia nyingine ya kurudi kwenye chasisi, na kamba nyembamba iliyopitisha mkondo huo kwa wiki kadhaa huwa imeungua ndani ya gamba lake bila kuonekana kwa nje. Ivute kwa mkono. Ikikwaruza, ibadilishwe hapohapo, kabla ya miteremko ya Mbeya.